Kitanda cha Hlulani

Rafiki yangu Tinyiko alinisimulia haya tukifua nguo za watoto.

Mumewe, Hlulani, aliraruliwa na simba alipokuwa akitengeneza uzio wa kambi ya wageni, huko hifadhini. Tinyiko na shemeji yake, Risenga, walikwenda kuichukua roho yake kwa tawi la miiba, kama tufanyavyo, ili wairudishe nyumbani Giyani. Jua likazama, lango la kambi likafungwa, ikabidi walale humo. Chumba kilikuwa na vitanda viwili. Tawi lililobeba roho hupewa kitanda, aliye hai hulala chini.

"Nilale chini na mgongo huu?" Risenga akacheka, akaligeukia tawi. "Kaka, ulininyang'anya blanketi utoto wote. Leo kalale nje!"

Akaliweka tawi barazani, akafunga mlango kwa komeo.

Taa zilipozimwa, kitu kikaburutwa barazani. Wakasikia mifupa ikivunjwa, nyama ikichanwa, na mayowe ya mtu anayesongwa na damu. Kisha mlango ukapigwa kwa kishindo.

"Risenga! Nifungulie!"

"Mfungulie kaka yako!" Tinyiko alilia.

Risenga akaubana mlango kwa mgongo. "Ni simba, shemeji."

"Simba anajua jina lako?"

Risenga hakubanduka pale mlangoni hadi kulipokucha, na komeo halikuguswa. Ndipo Tinyiko alipotazama kitanda cha Risenga. Tawi lilikuwa limelala humo, limefunikwa blanketi, na kila mwiba ulikuwa umenasa kipande cha nyama mbichi, bado ina joto.