Mwenyeji wa Isimila

Aliyemwambia Seleina kwanza habari za Isimila alikuwa Anastazia, mwenyekiti wa kikundi chao cha kushona sare za shule pale Mikumi. Anastazia alikuwa ametoka Iringa kumzika shangazi yake, na wakati wa kurudi shemeji yake alimpitisha hapo kwa gari.

"Kuna bonde limejaa nguzo za udongo, ndefu kama minazi," alisema Jumatatu ile huku akikata kitambaa. "Na mawe yaliyochongwa na watu wa kale, wa kabla ya babu wa babu zetu. Wazungu wanapanda ndege kuja kuyaona, sisi majirani hatuna habari. Twendeni Jumamosi. Tunapanda basi la alfajiri, jioni tumerudi."

Wanawake walifurahi. Kisha wakaanza kuipanga ile safari, na mashaka yakaingia. Basi la Iringa wanalijua. Lakini ukishuka Iringa unapanda gari gani? Linakushusha wapi? Kutoka barabarani mpaka bondeni unashika njia ipi? Anastazia mwenyewe alikiri kwamba ndani ya gari la shemeji alikuwa amesinzia.

"Tumpe Seleina atuchunge," alisema Yusrah, ambaye hakukosa neno. "Kwao wanafuata ng'ombe mpaka Mbeya bila kuuliza njia."

Wote wakacheka. Haukuwa utani mbaya, na Seleina alijua hivyo. Lakini alikuwa mdogo kuliko wote, aliishia darasa la saba, na katika miaka miwili ya kikundi hakukumbuka siku ambayo mtu alimuuliza anaonaje. Uso ulimwaka. Mdomo ukatangulia.

"Mimi nimeshafika."

Mashine zikanyamaza.

"Wapi? Isimila?" Anastazia akauliza. "Ulipokelewa na nani?"

Hilo ndilo swali analoulizwa kila mtu aliyetoka ugenini, na Seleina hakulitegemea. Katika njia ile mwisho wake ulikuwa Ruaha Mbuyuni, alikokwenda mara moja kununua vitunguu.

"Bibi mmoja," akasema. "Bibi Rebeka. Anakaa peke yake, karibu na nguzo. Ni mwema. Anapika ugali wa ulezi, hakuachi uondoke na njaa."

Maneno yalitoka laini hata yeye akashangaa. Anastazia akapiga makofi. "Basi tumepata kiongozi na mwenyeji! Mpigie sasa hivi, umwambie Jumamosi tunakuja tisa. Si vizuri kumvamia mtu mzima."

Simu ya Seleina ilikuwa imezima tangu asubuhi, kwa sababu umeme ulikatika usiku. Aliitoa, akakificha kioo kwa kiganja, akajifanya anabonyeza, akaiweka sikioni.

"Shikamoo bibi," akasema.

"Marahaba."

Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama ya mtu mwenye vumbi kinywani. Ilitoka ndani ya simu iliyozima. Seleina angeweza kuitupa chini, angeweza kupiga kelele, lakini wenzake wanane walikuwa wakimtazama kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa, na aibu ya kuumbuliwa ilimshika kuliko woga.

"Jumamosi tunakuja, bibi. Tupo tisa."

Pumzi tu.

"Haya, bibi. Na wewe karibu kwetu." Alisema hivyo kwa kuwa aliyelelewa vizuri hafungi mazungumzo bila karibu.

"Nimekaribia," sauti ikajibu.

*

Seleina alikuwa amepanga chumba na sebule. Mumewe, Lemayan, alikuwa kijijini Kisanga na ng'ombe wa baba yake tangu kiangazi kilipoanza, kwa hiyo nyumbani alikuwa yeye na binti yao Nailantei, wa miaka minne. Jumanne asubuhi aliamka akakuta mchanga sakafuni, mweupe na mwembamba kama unga, ambao Mikumi haupo. Akaufagia. Alipogeuka kuweka ufagio alimwona Nailantei amesimama mbele ya mlango wa sebule, ameinamisha kichwa.

Kwao Seleina mtoto hamwamkii mkubwa kwa mdomo peke yake. Huinamisha kichwa, mkubwa akamgusa utosini, ndipo salamu inapokamilika. Nailantei alifundishwa hivyo tangu alipojua kusimama.

"Mwanangu, unamsalimia nani?"

Alikuwa bado anangoja. Kisha nywele zake fupi zikalala, polepole, kuanzia katikati ya utosi kwenda pembeni, kama majani yanavyolala chini ya kiganja, zikakaa hivyo kwa muda, halafu zikainuka. Nailantei akanyanyua uso, ametosheka.

"Bibi," akasema.

Seleina alimnyakua akatoka naye nje. Alitaka kumwambia mtu. Lakini angeanzia wapi? Kila alipotafuta mwanzo wa habari ile, mwanzo ulikuwa uongo wake. Akaenda kushona. Kazini wenzake walimwekea kiti karibu na dirisha, na Yusrah mwenyewe akamletea chai, akamwita "kiongozi".

Jumatano alimwacha mtoto kwa mama mwenye nyumba, akafunga mlango wake kwa kufuli. Saa saba mchana, jua likiwa kali na uani hakuna hata kuku, alirudi. Kufuli lilikuwa palepale. Alipolishika, sauti ikatoka ndani, kavu na ya upole.

"Karibu, mgeni. Usisimame juani."

Ufunguo ulimwanguka mara mbili, na mlango ulipofunguka ikampiga harufu ya ulezi uliopikwa kwa kuni, na chini yake harufu nyingine, ya udongo wa korongo refu lisilofikiwa na jua, na katikati ya sebule ulitandikwa mkeka asioujua, na juu ya mkeka alikaa Nailantei, miguu ameikunja kama mtoto aliye kwa watu, midomo imemchafuka ugali mweusi, na alipomwona mama yake hakumkimbilia bali alimtazama tu, kwa adabu, kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kutembea na ataondoka.

Mama mwenye nyumba alikuja mbio aliposikia kilio cha Seleina. "Vipi tena, mama Nailantei? Si nimemwona mtoto anaingia kwenu, mlango wazi, na bibi yenu amesimama hapo? Nikajua umepata mgeni."

Tangu mchana ule Nailantei hakula tena mkononi mwa mama yake. Uji aliusukuma. Viazi alivitema. "Nimeshiba kwa bibi," alisema, na huku anasema hivyo mashavu yalikuwa yakimwisha na mikono ikawa miembamba kama ya mtoto aliyeugua mwezi. Alhamisi asubuhi, mama yake akimwogesha, alinong'ona:

"Bibi amesema Jumamosi mimi nitabaki kwake. Wewe utapewa chakula, halafu utarudi na basi."

*

Seleina alikwenda moja kwa moja kwa Anastazia. "Dada, safari tuiahirishe. Bibi anaumwa."

Anastazia akamshangaa. "Anaumwa saa ngapi? Jana jioni amenipigia. Sauti nzuri ya utu uzima, hata nikamwamkia mara mbili. Kasema umempa namba yangu. Kasema tusihangaike na chakula." Akacheka. "Na kasisitiza usimwache mtoto. Anampenda huyo!"

Hapo ilikuwa nafasi ya kusema. Seleina alifungua mdomo. Akaona ule uso wa Anastazia, uliokuwa ukimtazama kama mtu mwenye maana, akaufunga mdomo.

Ijumaa alasiri alimbeba mwanawe mpaka sokoni kwa mzee Yassin. Mchana mzee huyo alikuwa fundi wa cherehani, ndiye aliyewatengenezea mashine zao, na watu wenye mashetani aliwasomea hapohapo kibandani, akishusha pazia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mashine imekwama?"

"Si mashine, baba." Akamweleza yote isipokuwa uongo wake. Alisema tu kwamba kuna bibi amewaingilia nyumbani.

Mzee Yassin alishusha pazia, akatia ubani kwenye makaa, akamweka mtoto mbele yake na kuanza kusoma. Moshi ulipanda vizuri, kisha ukainama, ukatambaa chini kama maji. Nailantei akanyanyua kichwa. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Usinifukize, mzee. Mimi si mwizi. Nilikuwa nimekaa kwangu, miaka isiyo na hesabu, sina jina. Huyu akanipa jina. Akaniamkia nikaitika. Akanikaribisha nikakaribia. Ananiletea na wageni. Muulize kama nasema uongo mimi, au yeye."

Mzee Yassin akaacha kusoma. Alimtazama Seleina kwa muda mrefu, naye akatazama chini, machozi yakidondokea kwenye kanga. Ndipo akasema yote, kwa sauti ya chini ambayo mzee alilazimika kuinama ili aisikie.

Mzee akamwagia makaa maji.

"Mwanangu, ana haki yake," akasema. "Aliyeingia kwa nguvu ningemtoa. Aliyekaribishwa anatolewa na mwenye kumkaribisha. Ulimtaja mbele ya watu, ukamkane mbele ya watu walewale, kabla hamjapanda gari. Ukimkuta bibi huyo kwake, mtoto huyu hutarudi naye."

"Watanicheka, baba."

"Watakucheka," alisema mzee Yassin, akapandisha pazia.

Jioni hiyo Seleina alikwenda. Wenzake walikuwa uani kwa Anastazia wakikanda chapati za safari. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, maneno ameyapanga mdomoni moja baada ya jingine.

"Kiongozi huyo!" Yusrah akapaza sauti. "Njoo utuambie, tuvae viatu gani huko kwako?"

Wote wakageuka, wanatabasamu, wanangoja.

"Vya chini," alisema Seleina. "Nimekuja kuuliza saa ya kuondoka."

"Saa kumi na moja na nusu stendi," Anastazia akajibu.

Alirudi akiwa na hasira juu ya nafsi yake. Mgongoni mwake mtoto alikuwa mwepesi kama kapu tupu, lakini juu ya ule wepesi kulikuwa na uzito mwingine, mpana, uliolala juu ya mtoto na juu yake yeye, kama mtu wa tatu aliyebebwa pamoja nao, na kila hatua mchanga ulitiririka nyuma ya visigino vyake, na hakugeuka kuutazama, maana alijua kwamba akigeuka atauona ule mkono uliomgusa mwanawe utosini.

*

Asubuhi iliyofuata alifika stendi wa mwisho. Kunapambazuka, basi la Iringa linanguruma, wenzake wamepanga foleni mlangoni na mabakuli yao. Seleina hakuwa na mfuko. Alikuwa na mtoto tu, amemfunga kwa kanga, kichwa kimemlegea.

"Nina neno," akasema.

"Utasemea ndani, kiongozi, tutakosa siti," alisema Yusrah.

"Hakuna Bibi Rebeka."

"Unasemaje? Sema kwa sauti, hatukusikii," Anastazia akasema. "Gari linapiga kelele."

Mgongoni uzito ulikaza. Wapiga debe walikuwa wakimtazama. Abiria walikuwa madirishani. Seleina, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupaza sauti mbele za watu, alivuta pumzi akapiga ukelele.

"Nilisema uongo! Sijawahi kufika Isimila! Sina mwenyeji huko, sina bibi! Simu ilikuwa imezima. Huyo niliyemwamkia simjui, simkaribishi, na jina nililompa namnyang'anya!"

Stendi nzima ikageuka. Kijana mmoja wa mabegi akaanza kucheka, na mwingine, kisha Yusrah akashika kiuno akacheka mpaka machozi. "Jamani! Hata simu ilikuwa imezima? Seleina, kumbe mwigizaji!" Kicheko kikapita foleni yote. Alikisikia mwilini kama mawe. Hakufunika uso.

Anastazia peke yake hakucheka. Alikuwa amerudi nyuma kutoka mlangoni mwa basi, rangi imempotea.

"Sasa mimi," akasema, "niliongea na nani?"

Vicheko vikafa. Kondakta akapiga bodi, "Iringa, Iringa, twende!" na hakuna mguu uliopanda. Basi likaondoka bila wao. Mmoja mmoja wakajitwisha mabakuli na kurudi makwao, na waliompita Seleina walimpita kwa mbali, bila kuaga.

Mgongoni kitu kikajitikisa. Uzito ule mpana haukuwepo tena, ila wa mtoto peke yake.

"Mama," alisema Nailantei, na sauti ilikuwa yake. "Nina njaa."

Seleina alikwenda kwa mwanamke aliyekuwa akiuza uji pembeni ya stendi, akaomba kikombe kimoja. Akakaa chini palepale, mbele ya macho ya waliokuwa bado wakinong'ona, akapuliza uji hadi ukapoa, akamnywesha mwanawe mpaka kikombe kikaisha.