Taa Sita za Sebule ya Iopu

Alama za penseli zilikuwa zimehama. Iopu alizichora mwenyewe jana yake kwenye dari la sebule mpya, sita, safu mbili, kila moja iwe tundu la taa ya kuzama ndani ya dari. Sasa zote zilikuwa zimejibana pembeni, zimefanya mstatili mrefu, mwembamba.

"Sefina! Nani kapanda ngazi yangu?"

"Nipande mimi, na tumbo hili?" mkewe alicheka. "Pima vizuri, fundi wee!"

Akazifuta, akapima upya. Waliporudi kutoka kanisani zilikuwa palepale pembeni, na sebule nzima inanuka mafuta ya nazi na manjano, yaleyale waliyoisugulia mifupa ya bibi mwezi uliopita.

Kaburi la bibi, mama mzazi wa Iopu, lilikuwa mbele ya nyumba, kama yalivyo makaburi ya kila mtu pale kisiwani Savaii, na sebule ilitaka nafasi. Basi wakamfukua kwa heshima zote, mchungaji akaomba, wakamzika upya huko nyuma kwenye migomba. Hakuna aliyemkumbuka Lagi, binti yao wa miaka mitano, aliyezoea kulala kila mchana juu ya kaburi lile, shavu kwenye vigae.

Sefina hakucheka tena. Waliita mganga, mama Tausaga, naye alitazama juu tu.

"Mmemtenga bibi, mwanangu," alinong'ona. "Alizoea kulala na mtoto."

"Tumrudishe basi, mama!" alisema Iopu.

"Umrudishe wapi? Si mmeshamwaga zege?"

"Na dawa?"

"Ningekuwa nayo ningekuficha?"

Akaenda zake. Iopu akafuta, akafuta mpaka mkono ukafa ganzi, na kila aliposhuka ngazi alisikia penseli ikikwaruza juu ya kichwa chake, taratibu, bila haraka yoyote, na ile harufu ikamshukia ikamkaa kooni, na alipoinua macho mstatili ulikuwa umerudi, ila safari hii mfupi. Aliupima kwa futi kamba. Mita moja na sentimita nane.

Mbio hadi kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, pale wanapoandika urefu wa Lagi. Ni uleule.

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemlaza chumbani," alijibu Sefina.

Chumbani hakuwamo. Alikuwa sebuleni, chini ya mstatili, shavu kwenye zege, mkono umekumbatia hewa.

"Lagi! Amka, mama, amka!"

"Shii, baba," mtoto alinong'ona bila kufumbua macho. "Bibi ndiyo kwanza kapata usingizi."