Petroli ya Kupelekea Kaa

Kila siku ya kupeleka kaa, kazi ya Hajira ilikuwa kulowanisha magunia. Mama yake, Mwanahalima, aliwanunua kaa kwa wavuvi wa kisiwa cha Maparoni kwa niaba ya bosi Mustapha wa Kibiti. Mama aliwafunga magando na kuwapanga ndani ya matenga, Hajira akawafunika kwa magunia mabichi ili wafike wakiwa hai. Kaa aliyekufa hana mnunuzi.

Wiki hiyo shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Hajira alisafiri na mama. Boti ilikuwa ya Nurdini, mdogo wa baba yake. Petroli aliinunua mama mwenyewe dukani kwa Mudy, elfu thelathini na tano, kwa fedha aliyoiweka ya viatu na sare za Hajira. Bosi alikuwa ameahidi kwamba mafuta ya safari ni juu yake; mama atangulize, atarudishiwa akifikisha mzigo. Nurdini aliwashusha bandari ya Nyamisati akabaki na boti yake, nao wakakodi pikipiki ya magurudumu matatu hadi Kibiti.

Mustapha aliwapokea kwa tabasamu. Tabasamu likafutika mama alipotaja petroli.

"Boti si ya shemeji yako?" aliuliza. "Ndugu hawatozani nauli. Unataka nikurudishie kitu gani hapo?"

"Bosi, sijasema nauli. Nasema petroli."

"Ni yale yale!"

Hajira alipandwa na hasira. Mtu mzima, mwenye duka na gari, anaikana ahadi yake mchana kweupe! Akaropoka, "Baba mdogo tulimlipa nauli! Elfu thelathini na tano, nimeona kwa macho yangu!"

Mama aligeuka kumtazama, lakini Mustapha alikwishatoa simu. Alimpigia Nurdini na kuweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Eti Nurdini, shemeji yako kakulipa nauli leo?"

"Nauli?" Nurdini alifoka. "Mie nimtoze nauli mke wa kaka yangu? Nani kanizushia aibu hiyo? Sijachukua hata senti!"

Mustapha akakata simu. "Umesikia? Mmekuja kuniibia, mama na mtoto."

Mama alighadhibika. Hajira alidhani atapigwa kofi palepale. Badala yake mama aliketi juu ya tenga mojawapo.

"Mwanangu kasema uongo, na nitamalizana naye," alisema. "Lakini mie sijakuibia. Nauli sikulipa. Petroli nimenunua. Mpigie tena umuulize hilo. Kama hutaki, kaa hawa hawapandi mizani, na lile gari lako la kwenda Dar es Salaam liondoke tupu."

Dereva wa gari alipiga honi. Jua lilikuwa kali na magunia yalianza kukauka. Mustapha alisonya, akapiga tena.

"Petroli kanunua yeye!" Nurdini alijibu kwa kelele. "Muulize na Mudy. Boti yangu inakwenda kwa mafuta, undugu haiujui! Mbona hukuniuliza hivyo tangu mwanzo?"

Mustapha alihesabu elfu thelathini na tano bila kumtazama mtu. Mama alizipokea, lakini hakuinuka.

"Safari ijayo, hela ya mafuta unaitoa kabla sijapakia," alisema. "Kutanguliza hela za mwanangu basi."

"Sawa, sawa! Pima kaa!"

Walipanda tena pikipiki kurudi Nyamisati.

"Mama, mie nilikuwa nakutetea," Hajira alinong'ona.

"Kunitetea?" Mama alimkazia macho. "Yule mtu alikuwa na kosa na hana pa kujificha. Weye ukampa pa kujificha! Ukweli wetu ulitosha, Hajira. Ulipouongezea uongo, hata ule ukweli haukuaminika tena. Kasirika, ni haki yako kukasirika, lakini useme kilichotokea tu."

Nurdini alikuwa amesimama kando ya boti, amekunja uso. "Nani kasema namtoza nauli shemeji yangu?"

Mama alimtazama Hajira. Hajira alisogea mbele.

"Ni mimi, baba mdogo. Nilisema uongo. Nisamehe."

Nurdini alimtupia brashi. "Nimekusamehe. Sasa osha hayo matenga, yote."