Pumzi Ndani ya Taa

Hitilafu ya kwanza ilikuwa ndogo, na mkunga aliiona kwa macho yake mwenyewe saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Alikuwa amechuchumaa mbele ya gari na dawa ya meno kwenye kitambaa, anasugua taa ya kulia iliyofubaa hadi ikawa ya manjano kama ukucha wa mzee. Paliposafika mduara wa ukubwa wa kiganja alifurahi, akageuka kuchovya kitambaa kwenye ndoo. Alipogeuka tena, mduara ulikuwa umeziba. Akapitisha kidole. Nje palikuwa pakavu. Ukungu ulikuwa kwa ndani, unatanuka na kusinyaa, kama kioo cha dirisha ambacho mtu amekisogezea mdomo.

Akajiambia ni maji yameingia, akainua ndoo yake.

Gari lenyewe yeye na mumewe walilinunua mwezi uliopita kwa bibi mmoja jirani, nyumba ya tatu kutoka kwao. Mume wa bibi huyo, dereva mstaafu, alitoweka miaka sita nyuma. Mtaa ulishakata shauri kwamba mzee alimfuata mwanamke mwingine, na bibi hakuwahi kubisha. Siku ya kukabidhi funguo alitoa sharti moja tu: taa zisiguswe. Mkunga aliitikia kama mtu anavyomwitikia mkubwa, ili mazungumzo yaishe. Lakini mkaguzi wa magari alilikataa gari kwa ajili ya taa hizo hizo, akampa siku saba, na mkunga asiye na gari hufika mtoto ameshazaliwa.

Kwa hiyo akalipeleka kwa fundi wa taa, yule waliyemwita Kioo. Kioo alizungushia taa karatasi ya gundi ili rangi isichubuke, akaanza na msasa mkali, akaja na wa kati, akamalizia na laini, huku akimwagia maji. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Alimweleza mkunga jinsi jua linavyoichoma plastiki, jinsi watu wanavyojidanganya na dawa ya meno. Katikati ya kazi akanyamaza. Maji yaliyokuwa yakichuruzika kwenye taa yalikuwa ya uvuguvugu, na yalinuka kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Aliimaliza taa ya kulia, ikang'aa, akaanza kukusanya vifaa vyake bila kuigusa ya kushoto.

"Dada, hii nyingine sifanyi," alisema kwa sauti ya chini. "Ukungu wa jua uko juu ya plastiki. Huu uko ndani, na unakuja na kuondoka. Mimi naijua pumzi nikiiona."

Mkunga alimwambia hajawahi kuona pumzi isiyo na mapafu. Kioo hakucheka. Alimpa mabaki ya misasa na kopo la dawa ya kung'arishia, akamwomba asirudi.

Kesho yake adhuhuri akaingia kwenye banda la gari lililoungana na nyumba yao, akafunga mlango ili upepo usilete vumbi kwenye dawa mbichi. Mume wake, fundi cherehani, alikuwa ukumbini anashona sare za shule. Mlio wa mashine yake ulisikika vizuri. Mkunga alisugua taa ya kushoto bila haraka, kama anavyofanya kazi zake zote. Akapaka dawa, akafuta mara ya mwisho, akainuka kunyoosha mgongo.

Taa zote mbili zikawaka. Funguo zilikuwa jikoni, juu ya friji.

Mlio wa cherehani ulikuwa umekatika. Mkunga aliangalia ukuta wa mbele uliomulikwa na akaona kwamba yeye, aliyesimama katikati ya mwanga, hakuwa na kivuli. Akaelekea mlangoni. Kutoka pale hadi mlangoni ni hatua nane. Alihesabu nane, akahesabu ishirini, na mlango ulikuwa palepale ulipokuwa, na mwanga ulikuwa mgongoni na usoni kwa wakati mmoja, na ile harufu ya kinywa ilikuwa imejaa hadi akaionja kwenye ulimi, na pumzi iliyokuwa nyuma yake ilivuta alipovuta na kushusha aliposhusha, hata alipojaribu kuibana yake ili aisikie ikiwa peke yake, ile nayo ikajibana, ikamsubiri.

Akamwita mumewe. Akaita hadi koo likachanika.

Fundi cherehani alikuwa amesimama nje ya mlango wa banda na sahani ya chakula mkononi. Alikuwa amebisha mara mbili. Mlango ule haukuwa na komeo kwa ndani, lakini haukufunguka. Alimuuliza mkewe kama kuna tatizo, na sauti ya mkewe ikajibu, tulivu kabisa:

"Niko sawa, mume wangu. Nenda ukale."

Alipiga hatua tatu kurudi ndani, kisha akasimama. Katika miaka kumi na minane ya ndoa yao hakuwahi kuitwa mume wangu. Akiwa amefurahi mkewe humwita Cherehani, na akiwa amekasirika hamwiti chochote. Aliweka sahani chini taratibu, asisikike, akaondoka mbio hadi kwa bibi.

Bibi hakumwacha amalize kusimulia. Alichukua msasa mkali uliokuwa juu ya kabati, akajitanda khanga yake, akamwambia njiani kwamba mzee wake hakumfuata mwanamke yeyote. Aliingia kung'arisha taa, hakutoka tena. Tangu hapo bibi alizikwangua kila mwezi zisiweze kuona. Gari aliliuza kwa kuwa paa la nyumba lilikuwa linamwangukia. Alijua ni makosa, na usiku alikuwa hapati usingizi.

Waling'oa mlango kwenye bawaba. Ndani palikuwa na mwanga mweupe na gari, basi. Hapakuwa na mtu. Bibi aliingia kinyumenyume, macho ameyafumba, akapapasa hadi akaigusa taa, akaanza kuikwangua kwa nguvu zake zote. Fundi cherehani alisikia kitu kikiguna ndani ya bodi la gari kama mnyama anayetiwa kidole jichoni. Taa ya pili ilipopofuka, mkunga alikuwa sakafuni, shavu limegusa ukuta, anapumua peke yake.

Walimpa maji. Yeye alidhani amekaa humo siku mbili. Chakula alicholeta mumewe kilikuwa bado cha moto.

Bibi alimngoja atulie, kisha akamuuliza kama humo alikuwa peke yake.

Mkunga alimtazama mumewe. Angeweza kudanganya, na baadaye alitamani sana angedanganya. "Palikuwa na mzee," alisema. "Ameketi, amenipa kisogo. Shati la kijani, kola imerudiwa kwa uzi mwekundu. Alisema, mwambie asikwangue. Kila akikwangua huku kunakuwa giza, na mimi mlango nautafuta kwa mwanga huo."

Bibi aliuangalia msasa uliokuwa mkononi mwake muda mrefu.

"Ule uzi nilimtilia mimi," alisema.

Fundi cherehani alimkumbusha kwa upole kwamba kitu kile kinajua kuiga sauti ya mtu, na kwamba lile shati kilimwona nalo. Bibi akajibu kwamba analijua hilo. Lakini, akauliza, kama ni yeye kweli? Miaka sita, mwanangu. Kama ni yeye kweli?

Asubuhi yake alikuja kulichukua gari lake. Walimpa, na kuona aibu kwa jinsi walivyopumua lilipopinda kona. Tangu mchana huo walianza kusikia msasa kutoka nyumba ya tatu, na mkunga, aliyejua sasa tofauti zao, alitambua ulikuwa mkali, kisha wa kati. Alikwenda kugonga kila siku. Bibi alimjibu kwa ndani kwamba hana nafasi.

Siku ya nne ulisikika msasa laini, halafu maji, halafu kimya. Mkunga aliingia uani kwa bibi akiwa na mumewe. Mianya ya mlango wa banda ilikuwa inatoa mwanga mweupe uliolishinda jua. Akagonga, akamwita bibi. Akajibiwa na mwanamume, kwa adabu zote, kwamba mke wake amelala.

"Wewe ndiye mzee wake?" fundi cherehani aliuliza.

Sauti ikarudia kwamba mke wake amelala. Kisha kwa mbali sana, nyuma ya sauti ile, kama mtu aliye upande wa pili wa uwanja mkubwa, wakamsikia bibi anaita jina la mumewe, anaita tena, akienda huku na huku, na hakuna anayemwitikia.