Mrija wa Herieth na Wivu wa Bibi Yustina

Kila asubuhi, pale Gongo la Mboto, Bibi Yustina alimpikia mjukuu wake uji. Herieth alikunywa, akajilamba midomo, kisha akauliza:

"Bibi Mwamvita anakuja saa ngapi?"

Hapo moyo wa Yustina ulichacha kama togwa la juzi.

Herieth alikuwa na saratani ya damu. Hospitali walimwekea mrija mwembamba kifuani, wa kupitishia dawa, wakaufunika kwa plasta. Mama yake, Jovina, alishinda kazini Kipawa. Wakati huo Yustina alikuwa bado hajafika kutoka Bukoba, basi muuguzi akamfundisha jirani yao, Mwamvita, kumtunza mtoto na kumsafisha bila kuulowesha mrija.

"Mjukuu wangu anapanguswa kwa kitambaa kama meza," Yustina alinung'unika. "Ndio uogeshaji wa Kizaramo huo?"

Siku moja Mwamvita alichelewa. Yustina akajaza beseni, akamkalisha mtoto ndani, akamsugua kwa dodoki. Herieth alicheka sana. Bibi naye akavimba kichwa.

Ila ile plasta iliyofunika mrija ililowa, ikabanduka pembeni. Yustina akaibonyeza kwa vidole, akaifuta kwa khanga yake, akamvisha mtoto gauni. Mwamvita alipofika, akaambiwa, "Mtoto kashaoga. Leo pumzika."

Kesho yake Herieth alitetemeka, mwili moto.

"Nimpe dawa ya homa, alale," alisema Yustina.

"Usimpe, bibi mwenzangu," alisema Mwamvita. "Dawa za saratani zimepunguza kinga yake. Homa kwake ni ya kukimbilia hospitali. Ukiituliza hapa, unaificha tu. Hivi ile plasta ililowa?"

Yustina akatazama sakafu. Kusema kweli ni kumpa Mwamvita ushindi. Akamtazama mtoto, meno yanagongana.

"Ililowa jana. Nikaibonyeza, wala sikunawa."

"Umefanya vizuri kusema. Kawaambie hivyo hivyo."

Wakampigia Jovina simu, wakaita bajaji.

Hospitali, muuguzi Anjelina aliwaeleza. "Mrija huu umeingia kwenye mshipa mkubwa. Vijidudu vikipita hapo, vinaingia moja kwa moja kwenye damu. Plasta isilowe. Ikilowa au ikibanduka, ibadilishwe mara moja na aliyefundishwa. Kabla ya kugusa, nawa kwa sabuni. Na vifuniko vya mrija havichezewi."

"Na wivu je?" Mwamvita akachomekea.

"Huo dawa yake hatuna."

Hata Yustina alicheka, huku anafuta machozi.

Herieth alilazwa, akapewa dawa ya kuua vijidudu. Homa ikashuka, na mrija haukulazimika kutolewa. Kabla ya kurudi nyumbani, Yustina aliomba afundishwe. Akarudia na kurudia mpaka muuguzi akaridhika.

Siku hizi Mwamvita akibisha hodi, Yustina anamzuia mlangoni.

"Sabuni hiyo hapo."

"We Mhaya, si mie niliyekutangulia kufundishwa?"

"Nawa. Na katikati ya vidole. Na kucha."

Ndani Herieth akaita, "Bibi!"

Mwamvita alikuwa bado na povu mikononi. Yustina, aliyekwisha kunawa, akaitika na kwenda peke yake, taratibu, kwa maringo.