Hatukatai Kitu

Kila asubuhi fundi saa alipita sebuleni kwake ubavu ubavu, kama kaa. Hakuwa na namna nyingine. Sebule ilijaa magunia ya nguo, viatu visivyo na wenzake, friji lisilo na mlango, na vitabu vilivyotafunwa na panya. Pale palipokuwa na meza ya kulia sasa palikuwa na kiti cha kung'olea meno.

"Mke wangu," alisema, "leo chai nainywea wapi?"

"Kalia hicho kiti. Si kinapanda na kushuka?"

"Kupanda kinapanda. Kushuka hakijui. Juzi nusura nilale huko juu."

Mkewe alicheka. Fundi saa naye akacheka, lakini chai aliinywa amesimama.

Mkewe aliitwa Mama Magongo na mtaa mzima. Zamani mama yake mzazi alivunjika mguu, akakaa ndani muda mrefu kwa kukosa magongo tu. Tangu hapo Mama Magongo akaanzisha kikundi. Waliwaazima vifaa watu waliotoka hospitali: magongo, vitanda vya wagonjwa, viti vya magurudumu. Mtu akipona anarudisha, mwingine anapewa.

Getini aliandika kwa rangi nyekundu: TOENI CHOCHOTE MLICHO NACHO. HATUKATAI KITU.

Basi watu wakatoa. Aliyehama alitoa. Aliyenunua kipya alileta cha zamani. Mama Magongo alipokea vyote, maana alilelewa kwamba kukataa zawadi ni kumvunjia mtu heshima. Alipokea peke yake na kupanga peke yake. Mwishowe akaacha hata kupanga. Alifungua mlango, akasukuma ndani, akafunga.

Asubuhi hiyo simu yake iliita. Alikuwa mshonaji, mama mmoja aliyeanguka bafuni akavunjika nyonga.

"Dada, nisamehe, mimi tena. Kile kiti cha magurudumu kimepatikana?"

"Bado, mdogo wangu."

"Cherehani cha mkono ninacho. Kazi ninaiweza. Kufika barazani pale dukani ndiko kunanishinda. Mwenye duka anasema mwezi ukiisha sijarudi, nafasi yangu anampa muuza simu."

Mama Magongo alikata simu, akaitazama sebule. Vitu vilijaa mpaka dirishani, na hakimo alichohitaji.

Saa nne alikuja wifi yake, dada wa fundi saa. Yeye alifanya kazi miaka mingi katika shirika la kuwasaidia watu wasioona. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Wifi, mmefungua mnada bila kunialika?"

"Karibu, wifi. Pita ndani."

"Nipitie wapi? Nina mwili wa heshima mimi."

Wakakaa nje, kwenye ngazi. Mama Magongo akamweleza habari za mshonaji. Wifi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kikundi chenu kinahitaji nini?"

"Misaada."

"Hilo ni neno la kwenye hotuba. Mimi nakuuliza, mnahitaji nini?"

"Kiti cha magurudumu."

"Nani anajua?"

Mama Magongo akafikiri. "Mimi. Na mshonaji mwenyewe."

"Na geti lako linawaambia watu nini? Nenda dukani umwambie muuzaji akupe chochote. Atakupa kilichomdodea."

"Lakini nikikataa watu watasema naringa."

"Sisi tuliwahi kuletewa miwani, wifi. Boksi zima la miwani, kwa watu wasioona."

Mama Magongo alicheka mpaka akashika mbavu. "Mkafanyaje?"

"Tulimshukuru yule bwana kwa moyo wote. Tukamwelekeza kwa daktari wa macho. Kisha tukamwambia tunachokosa ni fimbo nyeupe. Wiki iliyofuata akaleta fimbo. Mtu anayetaka kutoa hachukii kuelekezwa. Anachukia kupuuzwa."

Mama Magongo akainuka, akaanza kuvuta gunia la kwanza. Wifi akamshika mkono.

"Kikundi si kina wanachama?"

"Kinao. Huja kwenye mikutano."

"Waite. Leo mkutano ni wa kubeba."

Walikuja, wengine wakinung'unika. Wifi hakuwapa amri. Aliwauliza tu nani anaweza nini. Mama mmoja aliyewahi kutunza ghala akasema atasimamia stoo. Mwingine akasema yeye mguu wake hautulii, basi atawatembelea walioazima vifaa. Mama Magongo alishangaa. Watu hawa alikuwa nao muda wote, na hakuwahi kuwauliza.

Nguo nzuri wakaziweka kando, mbovu kando. Fundi saa alikuwa kwenye kona ya nyuma, nusu mwili ndani ya lundo. Mara akaita.

"Mke wangu, njoo. Hiki ni cha nani?"

Kilikuwa kiti cha magurudumu. Tairi zake zilitafunwa na panya, na kutu ilianza kuingia kwenye breki. Lakini chuma chake kilikuwa kizima.

Mama Magongo akakumbuka. Dereva mstaafu wa nyumba ya pili ndiye aliyekileta, baada ya mkewe kufariki. Siku hiyo mvua ilinyesha na chungu kilikuwa jikoni. Alimwambia tu, weka hapo. Kesho yake gunia likaja juu yake, na jingine, na jingine.

Alikaa chini sakafuni. "Kilikuwa humu. Mshonaji ananipigia simu, namwambia bado, na kiti kimo humu."

Hakuna aliyemcheka. Baadaye kidogo wifi akasema, "Haya. Sasa unakosa nini?"

"Tairi mbili na mipira yake ya ndani."

"Nani anazo?"

"Fundi baiskeli wa pale kona."

"Basi kamwombe yeye, hizo hizo. Mwambie ni za nani, za kazi gani, na zinatakiwa lini. Usimwambie misaada."

Fundi baiskeli alisikiliza habari yote, hata ya breki yenye kutu, huku akifuta mikono kwa kitambaa. "Mama Magongo, kila siku napita getini kwako. Nilidhani mnataka nguo. Na mimi nguo zangu ndizo hizi, za grisi." Akatoa tairi mbili kwenye msumari ukutani. "Na hiyo breki mtaikaza kwa meno? Kileteni hapa."

Ikabaki nyumba moja ya kwenda, na hiyo ndiyo iliyokuwa nzito. Dereva mstaafu siku hizi hakumsalimia Mama Magongo. Yeye alidhani mzee ana majonzi tu.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuomba radhi. Kile kiti cha mama hatukukitumia."

"Nilikuwa nikienda sokoni natazama kila mtu aliyekaa kwenye kiti. Nasema labda hiki, labda kile. Mwisho nikasema, wamekiuza."

"Hatukukiuza, baba. Tulikifukia chini ya nguo. Kosa ni langu."

"Sasa atakikalia nani?"

"Mshonaji. Yule wa barazani, kwenye duka la vitambaa."

"Pale pana mteremko. Nani atamsukuma?"

"Hilo hatujalifikiria bado."

Mzee akainuka, akatafuta viatu vyake. "Nimeendesha malori maisha yangu yote. Kiti hakinishindi."

Mwezi ulikuwa haujaisha. Mshonaji alirudi barazani kwake na cherehani chake, akisukumwa taratibu na dereva aliyepiga honi kwa mdomo kila kona. Muuza simu akatafuta mahali pengine. Kazi ya kwanza ya mshonaji ilikuwa suruali ya dereva, kuipunguza urefu, na alikataa malipo mpaka wakagombana.

Siku hizi Mama Magongo hapokei kitu bila kujua kinakwenda wapi. Aliyetoa anapelekewa habari, hata ikiwa habari yenyewe si nzuri. Kile kiti cha meno walimwomba ruhusa aliyekitoa, wakamuuzia kinyozi, na pesa ikanunua magongo mapya. Ile rangi nyekundu ya getini ilikwanguliwa. Mahali pake pana ubao wa chaki.

Jioni moja mtu alibisha hodi akiwa amekumbatia tangi la samaki, tupu, lenye ufa. Mama Magongo hakuwepo. Fundi saa aliacha kikombe mezani, akaenda mlangoni.

"Tunakushukuru kwa kutukumbuka," alisema. "Hili hatuna matumizi nalo. Ila tunachotafuta wiki hii kimeandikwa pale getini."

Yule mtu akageuka, akasoma ubao. "Kitanda cha mgonjwa? Shemeji yangu anacho kimoja, kinajaza nafasi tu stoo kwake. Nimwambie?"

"Mwambie. Mwambie pia tutampa habari ya atakayekilalia."

Fundi saa akafunga mlango, akarudi mezani kwa hatua za kawaida, akakaa. Chai ilikuwa bado ya moto.