Nilikodi Mume wa Kiliniki

Nina miaka ishirini na tisa, napika chapati na mayai hapa Malaba, kwenye foleni ya malori. Wasomaji wenzangu, kuna mtoto wangu amelala kaburini kijijini Moding ambaye hata jina hakupata... Nisikilizeni tu.

Ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Kiliniki yetu, mama akija na bwana yake anahudumiwa mbele ya wengine. Asiye na bwana anangoja kwenye benchi hadi jua liwe utosini, na chapati nimwachie nani? Nilimwomba bwana yangu, Ekisa, twende pamoja. Akacheka! Ati kiliniki ni ya wanawake. Akavuka zake mpaka wa Uganda kwenda Tororo kununua matoke, na huko alizoea kulala.

Basi nikafanya wanavyofanya wengi hapa. Nikamkodi Barasa, kijana wa boda, awe mume wangu wa asubuhi moja.

Sista alitudunga vidole, halafu akatuita ndani na kufunga mlango. Mimi nina kaswende, Barasa hana. Kaswende! Sikuwa na kidonda wala maumivu, na sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu. Sista alisema ugonjwa huu umerudi kwa nguvu siku hizi, na unajua kujificha mwilini. Sindano ya penisilini inautibu na kumkinga mtoto, lakini mume naye lazima atibiwe hata kipimo kikisema hana, la sivyo ataniambukiza tena.

Akatuchoma sote wawili! Barasa alitoka akichechemea, akaninong'oneza, "Dada, hii haikuwa kwa mapatano yetu." Nami nilicheka... Mungu anisamehe, nilicheka.

Ekisa aliporudi sikumwambia kitu. Ningeanzia wapi? Angeniuliza nilipimwa na mume gani! Nikajipa moyo kwamba sindano yangu inatosha. Kisha nikaona vidoadoa kwenye viganja vyake, na kwenye nyayo. Haviwashi, akasema, ni magunia tu. Baadaye vikatoweka vyenyewe, nami nikashukuru. Mjinga mimi! Kumbe ni kaswende ile ile, imejificha tu.

Mimba ilipofika miezi minane, mtoto akaacha kucheza. Woi! Nilijifungua mvulana, viungo vyote kamili, lakini hakulia.

Wakapima tena damu yangu, safari hii ya mshipa. Kaswende ilikuwa imeingia upya. Sista yule yule alishangaa sana. "Si mumeo nilimchoma kwa mkono wangu?" Kisha akamwona Ekisa amesimama kando ya kitanda. "Na huyu ni nani?"

Nikasema yote, nikilia. Nilingoja kofi. Ekisa akakaa sakafuni, akakiri kwamba ana mwanamke Tororo, na kwamba vile vidoadoa vilimtia hofu. "Nilikuwa natafuta pa kuanzia," akasema. "Ungeniambia, mama... ningechomwa siku hiyo hiyo."

Tulitibiwa wote, na yule wa Tororo akapelekewa habari. Tumepona. Lakini maziwa yalikuja baada ya mazishi, yakalowesha blauzi yangu mbele ya wateja. Na mpaka leo, malori yakipiga honi, nasikia mtoto akilia katikati... Nageuka, hakuna kitu.

Dada zangu, nawasihi, pimeni mapema. Kaka zangu, nendeni kiliniki kwa miguu yenu. Ukikutwa na ugonjwa, mwambie yule unayelala naye, hata kama moyo unatetemeka. Afadhali mume apige kelele nyumba nzima isikie, kuliko kumbeba mtoto asiyelia.